Maji ya kabichi hayamwondoi kiwavi wa kabichi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nizungumzie ushauri ulioenea sana kwa wakulima wa mboga, ambao kurasa za kilimo zimekuwa zikiurudia. Unasema hivi: kusanya majani ya nje ya kabichi, yachemshe au yaloweke siku tatu, chuja, kisha piga maji hayo kwenye shamba la kabichi, viwavi watakufa, kwa kuwa kabichi ina kemikali ya asili inayoua wadudu. Kwamba kabichi ina kemikali hiyo ni kweli. Kwamba maji yake yatamwondoa kiwavi kwenye kabichi si kweli, na mkulima wa Lushoto, Njombe au Limuru anayeufuata ushauri huu anapoteza wiki mbili wakati kabichi zake zinaliwa. Mbaya zaidi, anaweza kulieneza gonjwa shamba zima kwa bomba lake mwenyewe. Nitaeleza kwa nini, kisha nitaeleza namna kemikali hiyohiyo inavyoweza kumfaa mkulima akiitumia panapostahili.

Kemikali yenyewe huitwa glukosinolati. Ni kundi kubwa la kampaundi zenye salfa, zinazojulikana ni zaidi ya 120, na jamii nzima ya kabichi inazo: sukuma wiki, chainizi, brokoli, koliflawa, haradali. Katika kabichi mojawapo ya zile muhimu ni sinigrini, ileile inayoipa haradali ukali wake. Ikiwa peke yake, glukosinolati haina makali ya maana. Ndani ya jani imetunzwa katika seli zake, na katika seli nyingine za jirani kuna kimeng'enya kiitwacho mirosinasi. Viwili hivi havikutani mpaka jani lipasuke, ama kwa meno ya kiwavi ama kwa kisu. Vikikutana penye unyevu, glukosinolati huvunjika papo hapo na kutoa isothiosianati, mafuta makali yanayopanda puani na kuchoma macho. Anayeujua muhogo mchungu ameshaelewa: sianidi nayo haikai tayari ndani ya mzizi, bali hutoka pale linamarini inapokutana na kimeng'enya chake baada ya muhogo kukwaruzwa au kupondwa. Mmea hujiwekea vitu viwili visivyo na madhara na kumwachia mlaji avichanganye mwenyewe.

Msomaji anaweza kulithibitisha hili jikoni kwa mbegu za haradali za kahawia, zile zinazouzwa kwenye maduka ya viungo kwa jina la rai. Twanga kijiko kimoja cha mbegu kavu uzinuse: hakuna kitu, ni harufu ya unga wa mbegu tu. Gawa unga huo kwenye vikombe viwili. Cha kwanza tia maji ya baridi vijiko viwili, koroga, subiri dakika tano, kisha sogeza pua. Utarudi nyuma. Cha pili tia maji yanayochemka kiasi hichohicho. Kitanuka kama mboga iliyopikwa na hakitawasha hata kidogo. Mbegu ni zilezile na glukosinolati ni ileile. Kilichokufa katika kikombe cha pili ni mirosinasi, kwa sababu kimeng'enya ni protini, nayo protini huharibiwa na moto.

Hapo ndipo maelekezo ya kuchemsha majani yanapoanguka. Anayechemsha kabichi ili kupata dawa anaharibu kwanza kitu pekee ambacho kingeifanya iwe dawa. Na anayeloweka siku tatu hafanyi vizuri zaidi. Isothiosianati hupaa haraka, nyingine huungana na maji na kuvunjika, na siku ya tatu kilichobaki kwenye ndoo ni maji yaliyooza yenye salfa inayonuka. Watu wengi huichukulia harufu hiyo kama dalili ya nguvu, kumbe ni kazi ya bakteria. Tena kabichi yenyewe, ikisagwa mbichi, haigeuzi glukosinolati zake zote kuwa isothiosianati. Ina protini nyingine inayoelekeza sehemu kubwa ya mvunjiko huo upande wa nitrili, ambazo makali yake kwa wadudu ni madogo zaidi. Ndiyo maana haradali huchoma pua na kabichi mbichi huacha uchungu tu ulimini.

Tuseme basi mkulima amesaga haradali mbichi kwa maji baridi na kupiga saa hiyohiyo. Bado atakwama, na hapa ndipo kiini cha barua yangu kilipo. Kinga hii ya mmea inawazuia wadudu wasioizoea. Mdudu anayekula mimea ya kila namna, akitafuna jani lenye glukosinolati nyingi, isothiosianati humshika kwenye protini za mwili, humpunguzia hamu ya kula, humchelewesha kukua na akiwa mchanga huweza kumuua. Lakini wanaomaliza kabichi zetu si hao. Ni wadudu ambao kabichi ndiyo nyumba yao, na wameipatia kemikali hii dawa yake.

Wa kwanza ni nondo mgongo almasi, Plutella xylostella, mdudu mdogo wa kijivu mwenye urefu usiofika sentimeta moja, ambaye akifunga mabawa hutokeza mgongoni alama tatu za almasi za rangi ya maziwa. Kiwavi wake ana kimeng'enya tumboni kinachonyofoa kipande cha salfeti kutoka kwenye glukosinolati kabla mirosinasi haijaifikia. Glukosinolati iliyonyofolewa haiwezi tena kugeuka isothiosianati, hupita tumboni na kutoka kama uchafu. Jambo hili lilithibitishwa mwaka 2002. Huyu kiwavi hapungukiwi kitu kwa kula majani makali. Mama yake naye huitumia sinigrini kama alama ya njia: hutua juu ya jani, huligusa kwa miguu na vipapasio vya kichwani, akiionja glukosinolati anajua amefika, anataga. Na harufu ya isothiosianati inayotoka kwenye mimea iliyojeruhiwa humvuta kutoka mbali.

Hili la kuvutiwa si jipya. Mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa Uholanzi, Edward Verschaffelt, alipaka sinigrini kwenye majani ambayo viwavi wa kipepeo mweupe wa kabichi huwa hawayagusi, nao wakayala. Zaidi ya miaka 100 imepita tangu ijulikane kwamba kwa wadudu hawa ladha ya kabichi ni mwaliko. Kupiga maji ya kabichi juu ya kabichi ni kuongeza mwaliko huo.

Wa pili ni kidukari wa kabichi, yule wa kijivu aliyejipaka ungaunga mweupe, anayejazana kwenye moyo wa kabichi wakati wa ukame. Huyu hatafuni. Huchomeka mrija wake mwembamba katikati ya seli mpaka kwenye mishipa ya chakula, akifyonza bila kupasua kitu kikubwa, kwa hiyo mchanganyiko wa sumu haufanyiki. Glukosinolati anazofyonza huziweka kwenye damu yake, na katika misuli ya kichwa na kifua anatengeneza mirosinasi yake mwenyewe. Adui akimng'ata, vitu hivyo viwili vinakutana ndani ya mwili wa kidukari na adui anapata kinywa kilichojaa haradali. Baadhi ya mbawakawa wekundu wenye madoa meusi, ambao wakulima tunawahesabu kama askari wetu, watoto wao hushindwa kukua wakilishwa kidukari huyu peke yake. Anayetegemea mbawakawa hao kwenye kabichi asishangae kuona kazi inakwenda polepole kuliko kwenye maharage.

Nimetaja ugonjwa. Majani yanayokusanywa kutengenezea maji haya ni yale ya chini, ya manjano, yaliyoanza kuoza pembeni, maana hakuna mtu anayesaga kabichi nzuri ya kuuza. Majani hayo mara nyingi ndiyo yenye uozo mweusi, ugonjwa wa bakteria unaoanza na alama ya njano yenye umbo la V kwenye ukingo wa jani, ncha ikielekea kwenye mshipa mkuu, na mishipa yenyewe ikiwa myeusi. Bakteria wake huenea kwa maji yanayoruka na huingia kupitia vitundu vya maji vilivyo kwenye kingo za majani. Kuloweka hakuna uhakika wa kuwaua. Ukisaga majani hayo, ukachuja, ukajaza bomba la lita 20 na kulisambaza mstari kwa mstari, umefanya kazi ambayo mvua ingehitaji msimu mzima kuifanya. Kwa sababu hii peke yake ningewaomba wanaotoa ushauri huu wauache.

Sasa mkulima afanye nini? Aanze kwa kutazama, kwa sababu hatua zote zinategemea ni mdudu gani yupo. Mara mbili kwa wiki pita shambani kwa mwendo wa kwenda na kurudi kimshazari, simama kwenye mimea 20, geuza majani. Mayai ya nondo ni ya manjano, nusu milimita tu, yametagwa moja moja au machache pamoja kando ya mishipa. Kiwavi akitoka huingia kwanza ndani ya nyama ya jani, halafu hutoka na kula upande wa chini akiacha ngozi nyembamba ya juu inayopitisha mwanga. Alama hizo za kung'aa ndizo za kutafuta. Tundu kamili likionekana, kiwavi ameshakua. Mguse: akijipindapinda kwa nguvu, akirudi kinyumenyume na kujiangusha kwa uzi, ni yeye. Usitishwe na matundu kwenye majani ya nje ambayo yatatolewa sokoni. Linda moyo wa mmea, kwani kiwavi akiula mapema kabichi haitafunga, au itatoa vichwa vidogo vitatu vinne visivyouzika.

Ukiendelea kutazama utawaona pia wanaokusaidia. Pupa wa nondo ni wa kijani, yumo ndani ya kifuko cheupe cha nyuzi kama wavu. Ukikuta ndani ya wavu huo kuna pipa dogo gumu la kahawia mahali pa pupa, huyo ameshaliwa na nyigu mdogo aitwaye Diadegma semiclausum. Nyigu huyu aliletwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, kutoka Taiwan, akaachiwa Kenya mwaka 2002, kwanza katika milima ya Taita na baadaye Limuru, kisha akapelekwa Tanzania na Uganda. Hupenda baridi ya milimani. Kwa maeneo ya joto kuna mwenzake, Cotesia, ambaye kifuko chake ni cheupe, kimeshikana imara na hakina matundu. Kwa upande wa vidukari, tafuta waliovimba na kugeuka kahawia, wakavu, wameganda kwenye jani: ndani ya kila mmoja kuna mtoto wa nyigu mwingine, Diaeretiella rapae. Na nyigu huyu humpataje kidukari kwenye shamba zima? Kwa harufu ya isothiosianati. Kemikali iliyoshindwa kumzuia kidukari inamwonyesha adui yake njia. Ukikuta vidukari wakavu wa namna hiyo kwenye mimea mingi, weka bomba chini kwa wiki moja uone.

Ndiyo maana ninawasihi wakulima waache kukimbilia dawa za kuua kila kitu, hasa zile za kundi la pareto ya kiwandani, pindi tu waonapo tundu la kwanza. Nyigu hufa kirahisi, nondo hafi. Huyu nondo ndiye mdudu wa kwanza wa mazao kuripotiwa kuwa sugu kwa DDT shambani, huko Java, Indonesia, mwaka 1953, na mwaka 1990 wale wa Hawaii wakaripotiwa kuwa sugu hata kwa Bt, dawa ya viwavi inayotokana na bakteria, ambayo wengi waliidhani haiwezi kuzoeleka. Mdudu aliyejifunza kuitegua sumu ya kabichi ana uwezo mkubwa wa kutegua na nyingine. Kuongeza kipimo au kuchanganya dawa tatu kwenye bomba moja humchagua yule sugu azae, na kwenye joto kizazi kimoja huisha ndani ya wiki mbili au tatu.

Njia inayotumia vizuri mapenzi ya nondo kwa harufu ni zao mtego la haradali. Utaratibu uliofanyiwa kazi nchini India ni mistari miwili ya haradali kwa kila mistari 25 ya kabichi: mstari mmoja wa haradali upandwe mbegu siku 15 kabla ya kupandikiza kabichi, wa pili upandwe siku 25 baada ya kupandikiza. Kwa kabichi za nafasi ya sentimeta 60 kati ya mistari, hiyo ni jozi moja ya haradali kila mita 15. Shamba la robo eka lenye urefu wa mita 40 linahitaji jozi nne, moja kila mwisho na mbili katikati. Mbegu ya rai ya dukani hufaa, ila ijaribu kwanza: weka mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, kizungushe, kiache mahali pa kivuli. Baada ya siku tatu au nne zikiota chini ya 15, sia kwa wingi zaidi au tafuta nyingine, kwa kuwa mbegu za viungo hukaa ghalani muda mrefu.

Mtego huu hushindwa kwa sababu zinazojulikana. Anayesia haradali siku moja na kupandikiza kabichi anakuta miche ya kabichi ni mikubwa kuliko haradali, na nondo hutaga penye majani. Anayesahau mstari wa pili anabaki bila mtego mara haradali ya kwanza inapotoa maua na kukomaa, wakati kabichi ndiyo kwanza zinaanza kufunga. Na kosa kubwa kuliko yote ni kuiacha haradali bila kuihudumia. Mayai yaliyotagwa pale yataanguliwa, viwavi watakua, na nondo watakaotoka watahamia kwenye kabichi wakiwa wengi kuliko kama usingepanda mtego kabisa. Haradali ipigwe dawa kila wiki viwavi wanapoonekana, ipigwe yenyewe tu na kabichi ziachwe kwa ajili ya nyigu. Ikishachoka, ing'olewe asubuhi na mapema nondo wakiwa wametulia, iingizwe kwenye magunia, magunia yafungwe na kuachwa juani siku kadhaa. Ukipenda kulisha mifugo, mbuzi wapewe kidogo kidogo. Ng'ombe wa maziwa asipewe nyingi karibu na saa ya kukamuliwa, maziwa yatanuka.

Kuna mmea wa Ulaya, Barbarea vulgaris, unaofanya kazi hii vizuri zaidi, kwani una glukosinolati zinazomvuta nondo atage, na pia una saponini zinazowaua watoto wake, hivyo hauhitaji kupigwa dawa. Nauta­ja kwa sababu unaonyesha jambo la maana: glukosinolati peke yake haimuui nondo, na mmea uliotaka kumuua umelazimika kutafuta kemikali nyingine kabisa.

Dawa ya kupiga kwenye haradali, na kwenye kabichi pale inapolazimu, inaweza kuwa mwarobaini. Hapo ndipo juhudi za dawa za asili zingeelekezwa, maana azadiraktini, kemikali ya mwarobaini inayodhuru wadudu, nondo hajazaliwa nayo. Kwa bomba la lita 20, chukua kilo 1 ya kiini cha mbegu kilichotwangwa, yaani gramu 50 kwa kila lita, loweka usiku kucha kwenye sehemu ya maji hayo, chuja kwa kitambaa mara mbili ili pua ya bomba isizibe, kisha jazia. Tia sabuni ya maji kidogo, kijiko kimoja au viwili vya chakula kwa bomba zima. Jani la kabichi lina nta, na bila sabuni maji hukusanyika kuwa matone na kuporomoka chini. Usizidishe, kwani sabuni nyingi huondoa nta yenyewe na jua la mchana litaunguza jani. Piga jioni, ukielekeza pua ya bomba chini ya majani. Jua huiharibu azadiraktini ndani ya siku chache. Mbegu ziwe zimekaushwa kivulini, zisiwe na ukungu, na zisiwe za miaka iliyopita. Mwarobaini hauui papo hapo. Kiwavi hupunguza kula na hushindwa kujivua ngozi, kwa hiyo usihukumu kesho yake asubuhi.

Anayetumia Bt afuate kipimo cha lebo na azingatie mambo hayohayo: jioni, chini ya jani, viwavi wakiwa wadogo. Lazima kiwavi aile. Ataacha kula ndani ya saa chache lakini ataendelea kuonekana yuko hai kwa siku mbili au tatu, na wengi hapo huenda dukani kununua kitu kikali wakidhani wameibiwa. Haigusi vidukari hata kidogo. Kwa vidukari, maji ya sabuni yanayowafikia moja kwa moja ndani ya moyo wa kabichi yanatosha wakiwahiwa, kabla majani hayajajikunja juu yao.

Naongeza jambo la mbolea, kwa sababu linahusiana na kemikali hii moja kwa moja. Glukosinolati hutengenezwa kwa salfa. Mkulima anayekuzia kwa urea tu, au CAN (mbolea ya nitrojeni yenye kalisi) tu, hampi mmea salfa yoyote, na nitrojeni ikizidi majani huwa laini, yenye utomvu mtamu, ambayo vidukari na nondo huyapenda. SA, yaani mbolea ya salfeti ya amonia, ina nitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Kutumia SA katika mkupuo mmoja wa kukuzia, kifuniko kimoja cha soda, kama gramu 5, kwa kila shina, ukizungushia mbali kidogo na shina, kunaziba pengo hilo. Eka moja iliyopandwa kwa sentimeta 60 kwa 45 ina mashina karibu 15,000, kwa hiyo andaa kilo 75, mfuko mmoja na nusu. Lakini SA huongeza uchachu wa udongo, na udongo wa milimani ni mchachu tayari, hali inayoupendelea ugonjwa wa mizizi ya kabichi kuvimba. Penye uchachu tumia jasi, ambayo ina salfa na haichachui, au weka chokaa kwenye udongo wiki kadhaa kabla ya kupanda. Na lieleweke vizuri: salfa inaimarisha mmea na kinga yake dhidi ya wadudu wasioizoea. Nondo mgongo almasi haimzuii. Kwenye mimea iliyoshiba salfa hutaga zaidi kuliko kwenye iliyoikosa. Muuzaji wa pembejeo akisema mbolea ya salfa ni dawa ya viwavi, usimwamini.

Mahali ambapo ukali wa haradali unafanya kazi kweli ni ndani ya udongo, penye minyoo fundo, wale wadogo wanaovimbisha mizizi, na fangasi wa kitalu, kwa kuwa huko gesi haipai mara moja na viumbe hao hawana kinga ya nondo. Kwa kitalu cha nyanya au cha pilipili hoho, otesha haradali pembeni, ikate maua yanapoanza kufunguka, wakati huo ndipo ukali uko juu. Unahitaji kilo 5 za majani na mashina mabichi kwa kila mita moja ya mraba, kwa hiyo tuta la mita 1 kwa 10 linataka kilo 50. Watu hushindwa hapa kwa kuweka beseni moja na kutegemea miujiza. Katakata vipande vya sentimeta 1 hadi 2, kadiri unavyozidi kusaga ndivyo seli nyingi zinavyopasuka. Fukia palepale kwa kina cha sentimeta 15 hadi 20. Usikate asubuhi ukafukia jioni, kwa sababu kilichokatwa huanza kutoa gesi saa hiyohiyo na ndani ya dakika 20 sehemu kubwa imeondoka. Mwagilia mpaka udongo ulowe, funika kwa nailoni na ubane kingo kwa udongo. Acha wiki mbili, funua, tifua, acha wiki nyingine ipumue. Kabla ya kusia nyanya, sia mbegu chache za mchicha kwenye kona. Zikiota kawaida, udongo umetulia. Zikifa au zikigoma, ngoja tena.

Utaratibu huu usifanywe kwenye tuta litakalofuatiwa na kabichi. Haradali na kabichi ni ndugu, uozo mweusi na uvimbe wa mizizi huwashika wote wawili, na kuwapanda kwa kufuatana ni kuyatunzia magonjwa hayo chakula. Kabla ya kurudisha kabichi mahali hapo pitisha maharage, vitunguu, karoti au mahindi kwa misimu kadhaa. Visiki vya kabichi zilizovunwa ving'olewe na kufukiwa siku hiyohiyo ya mavuno, kwa sababu vinachipua majani machanga matamu na nondo huendelea kuzaana humo wakisubiri miche mipya.

Kwa aliyekwisha kuloweka pipa la majani ya kabichi akisubiri siku ya kupiga: maji hayo yamwagwe kwenye mashina ya migomba au kwenye shimo la mboji lililo mbali na kitalu cha kabichi, na chini ya mteremko ili mvua isiyarudishe. Bomba lililokwisha kuyabeba lisuguliwe kwa sabuni, pua na chujio vitolewe na kuoshwa peke yake, likaushwe juani kabla ya kuingia tena kwenye kabichi.

Mtaalamu wa afya ya mimea,
Lushoto, Tanga